Kabla Hujasema Muziki Huo Unachosha

Kijana anasema dansi la zamani linachosha: nyimbo ndefu, haziishi, na zote zinafanana. Mzee naye anasema singeli ni kelele tupu. Hukumu hizi mbili tunarushiana kila siku, vijiweni na redioni, na wote wawili wanasema kweli kuhusu kile kilichofika masikioni mwao. Kosa lao ni kudhani kwamba kilichofika masikioni mwao ndicho kilichopigwa.

Ninashikilia hivi: ladha ya muziki haipanuki kwa kuongeza idadi ya nyimbo kwenye simu. Hupanuka pale msikilizaji anapojua, kwa kila aina ya muziki, sikio lake likae wapi. Kuna muziki ambao utamu wake umewekwa kwenye besi, kuna ambao umewekwa kwenye shairi, kuna ambao umewekwa kwenye badiliko dogo linalokuja baada ya duru ya nane. Anayeutafuta utamu mahali alipozoea kuupata kwingine ataondoka mikono mitupu, na ataulaumu muziki.

Tuanze na dansi, kwa sababu ndilo linaloonewa zaidi. Chukua wimbo wa Mlimani Park au wa JUWATA Jazz, bendi za Dar es Salaam, uliorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1970 au mwanzoni mwa 1980. Mara nyingi una dakika 6 hadi 8, na una sehemu mbili zenye kazi tofauti kabisa. Ya kwanza ni ya maneno: magitaa na vipulizo vinafungua, beti zinaimbwa kwa mwendo wa taratibu, kisa kinasimuliwa hadi kieleweke. Ya pili, inayoitwa chemko, ni ya miguu. Waimbaji wanabaki na maneno machache ya kuitikiana, kila gitaa linashika kifungu kifupi na kukizungusha, tarumbeta na saksafoni zinaingia na kutoka, na katika kila duru kuna kitu kidogo kimebadilika. Anayesikiliza sekunde 40 kisha akaruka kwenda wimbo mwingine amesikia utangulizi tu. Akifanya hivyo kwa nyimbo kumi, amesikia utangulizi kumi, na hapo lazima aone zinafanana.

Ukataji huu haukuanza na simu. Santuri za inchi 7 zilizouzwa Nairobi na Kinshasa zilibeba dakika 3 na kitu kwa upande, kwa hiyo wimbo mrefu ulipasuliwa: nusu upande wa kwanza, nusu upande wa pili. Leo nusu hizo zimepakiwa mtandaoni kila moja kivyake, na nyingi hazina mwenzake. Ukikuta benga au rumba inazima ghafla pale magitaa yanapoanza kuchangamka, usidhani ndivyo ilivyotungwa. Tafuta sehemu ya pili, kwani ndiko waliko wachezaji.

Sasa sikio likae wapi? Kwa dansi, lianze chini, kwenye besi. Hapa kuna kikwazo cha kiufundi ambacho watu wengi hawakijui. Uzi mzito kabisa wa gitaa la besi hutoa sauti ya mitetemo 41 kwa sekunde, na nyingi ya kazi yake haipandi mbali juu ya hapo. Spika ndogo ya simu hudhoofika sana chini ya mitetemo mia mbili au tatu. Maana yake ni kwamba anayesikiliza dansi kwa spika ya simu anapata waimbaji, gitaa la solo na sauti kali za dramu, lakini chombo kinachouambia mguu uende wapi kinamfikia kwa mbali mno, au hakimfikii kabisa. Hedifoni za waya za bei ya chini zinatosha kurekebisha hilo. Spika ya redio ya zamani yenye kikombe kipana ni bora zaidi. Ningeweza kusema kwamba nusu ya vijana wanaodai dansi ni baridi wamelisikia bila besi, na sidhani kama ningekuwa nimetia chumvi.

Ukishalipata besi, lifuate peke yake wimbo mzima bila kuhama. Mara ya pili fuata gitaa la rithimu, lile linalokwaruza kifungu kilekile bila kuchoka. Huko nyuma ndiko wimbo ulikofungwa. Mara ya tatu fuata namna solo na sekondi solo zinavyopishana, moja ikijibu pale nyingine inapovuta pumzi. Maneno yawe ya nne, ingawa wengi wetu tungependa kuanza nayo. Ukianza na maneno, akili hushika kisa na kuacha mengine yote yapite.

Kwa mdundo, kuna zoezi moja linalofungua masikio kuliko maelezo ya kurasa kumi. Hesabu 1 hadi 16 kwa mwendo ulio sawa, kisha piga kofi kwenye 1, 4, 7, 11 na 13 tu. Rudia mpaka mikono iende yenyewe. Huo ndio uti wa mgongo wa muziki wa Kuba uliovuka bahari kwa santuri za mfululizo wa G.V. kuanzia miaka ya 1930, ukashika Léopoldville (Kinshasa ya leo), na kutoka huko ukasambaa hadi kwetu. Katika sebene nyingi za Kongo za miaka ya baadaye, yaani zile sehemu za magitaa zilizowekwa kwa ajili ya kucheza, kofi la mwisho husogea likaangukia 12, na ngoma ndogo ya dramu ndiyo hulibeba. Tofauti ni hatua moja kati ya kumi na sita, lakini mwili huijua. Msikilizaji aliyekulia kwenye muziki wa klabu hungojea pigo zito kila inapofika 1, 5, 9 na 13. Asipolipata anasema wimbo hauna nguvu. Nguvu ipo, ila imepangwa penginepo.

Jambo la mwisho kwa dansi: fuata watu, usifuate majina ya bendi. Wanamuziki walihamahama sana. Mlimani Park ilipoanza mwaka 1978 ilijaa watu waliotoka bendi nyingine, JUWATA ikiwemo. Mwimbaji Muhidini Gurumo aliimba NUTA, bendi iliyokuja kuitwa JUWATA, akaenda Mlimani Park, katikati ya miaka ya 1980 akawa katika Orchestra Safari Sound, kisha akarudi kwenye bendi yake ya awali, ambayo baadaye ilijulikana kama Msondo Ngoma. Isikilize sauti hiyo moja ndani ya bendi tatu. Kinachobaki vilevile ni cha Gurumo. Kinachobadilika ni mtindo wa bendi. Kwa njia hiyo utaanza kutofautisha Sikinde, mtindo wa Mlimani Park, na Msondo bila kufundishwa na mtu, na tangu siku hiyo neno “zinafanana” halitatoka tena kinywani mwako.

Kwa nini lakini haya yote yanahitaji kazi, wakati muziki wa utotoni hauhitaji kazi yoyote? Erin Hannon na Sandra Trehub walichapisha mwaka 2005 majaribio yanayotoa sehemu ya jibu. Waliwasikilizisha watoto wachanga wa Amerika ya Kaskazini midundo ya nchi za Balkani, ambayo mapigo yake hayagawanyiki sawasawa kama waliyoyazoea. Watoto wa miezi 6 walitambua hitilafu ikiingizwa kwenye mdundo wa kigeni kama walivyoitambua kwenye mdundo wa kwao. Wa miezi 12 walikuwa wameanza kuikosa, lakini wakipigiwa muziki huo nyumbani kwa majuma mawili, uwezo ulirudi. Watu wazima waliopewa dawa hiyohiyo hawakunufaika kwa kiwango hicho. Sikio basi huanza likiwa wazi kwa kila kitu, kisha hujifunga taratibu kuzunguka kile kinachopigwa nyumbani. Kwa mtu mzima mlango haujafungwa kwa ufunguo, ila umekuwa mzito, na majuma mawili ya muziki wa nyuma ya mazungumzo hayatoshi kuusukuma.

Kisha kuna ujana. Utafiti wa Morris Holbrook na Robert Schindler wa mwaka 1989 ulikuta kwamba nyimbo ambazo watu huzipenda kupita zote ni zile zilizovuma walipokuwa na umri wa karibu miaka 24. Hii inaeleza kwa nini kila kizazi kina zilipendwa zake na kila kizazi kinaapa kwamba muziki uliharibika mara tu baada ya hapo. Mabishano ya dansi na Bongo Fleva, nionavyo, kwa sehemu kubwa ni mabishano ya miaka ya kuzaliwa.

Watu wa saikolojia wanajua pia, tangu kazi ya Robert Zajonc ya mwaka 1968, kwamba kukutana na kitu mara kwa mara peke yake huongeza kukipenda. Vituo vya redio vinaishi kwa kanuni hii. Ila ina mipaka miwili ambayo haizungumzwi. Kwanza, kipimo kikizidi, mapenzi hushuka, na wimbo mwepesi hushuka mapema kuliko wenye mambo mengi ndani. Ndiyo maana wimbo unaovuma kila kona mwezi huu unaweza kukukera mwezi ujao, huku chemko la dakika 4 likiendelea kukupa kitu kipya baada ya miaka. Pili, kurudia hakuokoi kitu ulichokichukia tangu mwanzo. Ukilazimishwa kusikiliza usichokitaka, chuki huongezeka. Mzazi anayefunga milango ya gari na kuwapigia watoto taarab safari nzima kwa nguvu anafanya kazi ya kinyume.

Na kurudia, hata kukifaulu, huleta mazoea. Kutofautisha ni jambo jingine. Mtu anaweza kuzoea rumba ya Kongo kwa sababu ilipigwa baani kwa miaka ishirini, akaifurahia kweli, na bado asijue gitaa lipi linafanya nini. Mazoea huja yenyewe. Kutofautisha huja kwa kuketi na kusikiliza bila kufanya kitu kingine.

Historia yetu ya pwani inaonyesha namna ladha ya jamii nzima ilivyopanuka, na njia ilikuwa ileile kila mara: kipya kiliingia kikiwa kimeshikana mkono na kitu kinachojulikana. Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kuuleta muziki wa taarab kutoka Misri. Ulikuwa muziki wa kasri. Ulishuka mitaani pale Siti binti Saad alipouimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri zilizosikika pwani nzima. Vyombo vilikuwa vya Kiarabu, maneno yalikuwa ya Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida wa Unguja mjini. Mombasa, Juma Bhalo alipata jina kubwa kwa kutia mashairi ya Kiswahili kwenye tuni za filamu za Kihindi. Kongo, bendi za mwanzo ziliimba Kihispania cha kuigiza juu ya mdundo wa Kuba kabla Kilingala hakijashika nafasi yake. Na sisi tuliokuwa hatujui Kilingala tulimpokea Franco, mpiga gitaa wa Kongo, kupitia gitaa lake. Hakuna hata mara moja ambapo umma uliruka kutoka kinachojulikana kabisa kwenda kisichojulikana kabisa.

Taarab asilia ndiyo inayowashinda wengi waliokulia kwenye kinanda na biti za studio, na sababu inaweza kuonyeshwa kwa vipimo. Piano na vinanda hugawa oktava kwa hatua 12 zilizo sawa. Makamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, zina sauti zinazoangukia katikati ya hatua hizo. Katika makamu iitwayo Rasti, ukianzia do, sauti ya mi hushuka robo toni: si mi ya kawaida, wala si ile nusu iliyo chini yake. Katika nyingine, Bayati, ukianzia re, hatua ya kwanza kupanda ni robo tatu za toni. Kanuni, ala ya taarab yenye nyuzi zaidi ya 70 zilizopangwa tatutatu, ina vikonyo vidogo ambavyo mpigaji huvipandisha na kuvishusha ili apate sauti hizo; fidla na udi havina vizuizi kwenye shingo, kwa hiyo kidole huzitafuta chenyewe. Sikio ambalo halijawahi kukutana nazo husikia kosa. Linaambia akili kwamba fidla imelegea.

Taarab ya kisasa ya rusha roho, kwa kuwa imejengwa juu ya kinanda na gitaa, kwa kawaida hukaa kwenye zile hatua 12. Ndiyo maana inaingia kirahisi. Siisemi kwa kuidharau. Waimbaji wake wana ufundi wao wa mipasho na wa kulishika jukwaa. Lakini aliyesikia hiyo tu hajakutana na Rasti.

Dawa ni taksimu. Kabla ya wimbo, au katikati yake, mpigaji wa udi, kanuni au nei (filimbi) huachiwa peke yake bila mdundo, azunguke ndani ya makamu kwa dakika moja au mbili. Pata taksimu moja, isikilize mara kadhaa mfululizo, na kila mara ngojea pale mpigaji anaporudi kwenye sauti ya mwanzo na kutua. Baada ya siku chache ile sauti ya katikati inaacha kuwa kosa na inakuwa na ladha yake, na utaanza kuingojea. Ukifika hapo ndipo uende kwenye bashrafu, vipande vya ala tupu ambavyo vikundi kama Nadi Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa 1905, hufungulia onyesho.

Kwa upande wa maneno, mahali pa kuweka sikio ni vina na kituo cha mstari, hasa mstari wa mwisho wa beti, ambapo fumbo hufunguka. Tazama hadhira: mtu anainuka kwenda kumtunza mwimbaji si wakati wowote tu, bali pale mstari unapomgusa yeye au unapomfikia jirani aliyeketi upande wa pili. Mikono inayopanda na noti ni ramani ya mashairi, na mgeni akiifuata kwa usiku mmoja atajua utamu uko wapi hata kabla hajaelewa fumbo lenyewe.

Singeli ina tatizo la aina nyingine, na utatuzi wake ni mfupi. Muziki huu wa mitaa ya Dar es Salaam, mtoto wa mchiriku, hukimbia mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Aliyezoea mapigo 90 au 100 hujaribu kulifuata kila pigo na kuchoka ndani ya dakika moja. Usilifuate kila pigo. Hesabu moja kila baada ya mbili, hata moja kila baada ya nne. Mapigo 240 yanakuwa 60, mwendo wa kutembea polepole. Ukishatulia juu ya mwendo huo, sikiliza kifungu kinachozunguka, ambacho mara nyingi ni kipande kifupi kilichokimbizwa, na sikiliza jinsi MC anavyopanga silabi zake ndani ya nafasi ndogo kiasi hicho bila kuanguka. Huo ni ufundi mkubwa, na wazee wa dansi wanaojua thamani ya kushika muda wangeuheshimu kama wangeusikia hivyo.

Kuna hitilafu nyingine inayowapotosha hata wasikilizaji makini: rekodi zilizoharibika kasi. Kanda ikizunguka haraka kwa asilimia 6 tu, wimbo mzima hupanda nusu toni, na mwimbaji mwenye sauti nzito anageuka kijana. Nyimbo nyingi za zamani mtandaoni zilinakiliwa kutoka kaseti zilizochoka, na nyingine zimepandishwa kwa makusudi ili mfumo wa kutambua hakimiliki usizikamate. Kama unaijua sauti ya mwimbaji, linganisha na rekodi yake nyingine. Kama tuni haikai kwenye ufunguo wowote wa kinanda chako, shuku kasi kabla ya kushuku bendi.

Huduma za muziki za simu zimetupa maktaba ambayo hakuna mtangazaji wa zamani aliyewahi kuiota, na ninazishukuru kwa hilo. Lakini tujue zinavyofanya kazi. Spotify huhesabu wimbo kuwa umesikilizwa ukifika sekunde 30. Kwa hiyo watayarishaji wamejifunza kuleta kiitikio mapema, na sikio nalo limejifunza kutosubiri. Mapendekezo hujengwa zaidi juu ya kile ambacho watu wenye tabia kama zako wamesikiliza. Hiyo inafaa kwa hatua fupi kwenda jirani, lakini muziki usio na wasikilizaji wengi haufikiwi na njia hiyo, na nyimbo ambazo jina la bendi limeandikwa vibaya hupotea kabisa. Kiungo cha pili baada ya wimbo mzuri wa Tanga hakitakuwa Tanga. Kitakuwa chochote kilichovuma.

Kwa hiyo msikilizaji ajichoree njia mwenyewe. Rekodi nane hadi kumi kwa mwezi zinatosha, zote za aina moja, kila moja isikilizwe mzima. Orodha ya nyimbo bora 80 ni mzigo. Ukiimaliza hukumbuki hata moja. Na mwezi wa pili uende jirani, pale ambapo kitu kimoja unakijua tayari.

Kwa kijana wa leo anayetaka kufika kwenye taarab asilia, ningeshauri apitie magitaa. Aanze na dansi, kwa sababu Bongo Fleva na dansi vinashirikiana Kiswahili na visa vya mapenzi na maisha. Kutoka hapo aende Tanga, kwa Black Star na Lucky Star, vikundi ambavyo katika miaka ya 1960 na 1970 vilipiga taarab kwa gitaa la umeme na besi, na kwa sauti ya Shakila. Atakuta shairi la taarab limekaa juu ya vyombo anavyovijua. Kisha Culture Musical Club ya Unguja, ambako fidla na akordioni zinashika nafasi ya gitaa. Kisha Ikhwani Safaa na bashrafu zake. Akitaka kuendelea hadi Kairo, aanze na rekodi fupi za studio za Abdel Wahab za miaka ya mwanzo, za dakika 6 au 7. Tamasha la Umm Kulthum lingoje kwanza, kwani wimbo mmoja humo unaweza kupita saa nzima, na mstari uleule akaurudia mara nyingi, kila mara akiupindisha namna nyingine.